Don Tallon, Kijana wa Mji wa Miwa



Kila mwaka ukurasa huu huwa wa mtu aliyetoka mji mdogo akafika mbali. Mwaka huu tumemchagua marehemu Don Tallon, mchezaji kriketi wa Australia, kwa kuwa naye alikulia katika mji wa miwa kama sisi.

Alizaliwa mwaka 1916 mjini Bundaberg, jimbo la Queensland. Alikuwa mlinda wiketi, yaani yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji akiwa na glavu, adake mpira ulioguswa na gongo, au aangushe vijiti mpigaji akivuka mstari wake. Ni kazi ya kufumba na kufumbua.

Kutoka Bundaberg hadi Brisbane, mji mkuu wa jimbo, ni zaidi ya kilomita 300. Hata hivyo, akiwa na miaka 17 alikwisha kuichezea Queensland. Mwaka 1938 timu ya taifa ilikwenda Uingereza bila yeye, na wengi walishangaa. Hakususa. Msimu uliofuata aliwatoa wapigaji 12 katika mechi moja, akaifikia rekodi iliyokuwapo tangu mwaka 1868. Mara vita vikuu vikazuka, mechi za kimataifa zikasimama. Alipoitwa timu ya taifa mwaka 1946, alikuwa na miaka 30.

Mwaka 1948 alikwenda Uingereza na kikosi cha Don Bradman, kilichocheza mechi 34 bila kufungwa hata moja. Katika uwanja wa The Oval, Uingereza ilitolewa kwa mikimbio 52 tu. Wa mwisho kutoka alikuwa Len Hutton, aliyedakwa na Tallon kwa mkono wa kushoto, mpira ukiwa karibu na nyasi. Alistaafu mwaka 1953, baada ya kuwatoa wapigaji 58 katika mechi 21 za taifa. Alirudi kwao Bundaberg, na huko ndiko alikofariki mwaka 1984.

Ndugu zetu, kipaji hakisubiri. Tallon alipata nafasi, lakini miaka yake mizuri ilikwisha kupita. Vijana wetu nao wanabaki nyumbani siku za mchujo kwa kukosa nauli na viatu. Mchango wako wa mwaka huu katika mfuko wa michezo utawafikisha uwanjani wakiwa bado vijana. Haba na haba hujaza kibaba.