Mwalimu wa Vijana wa Ikulu: Maisha ya Mtakatifu Karoli Lwanga



Kamati ya jubilei ilipotuomba tuandike habari za mtakatifu mmoja katika kijitabu hiki, hatukubishana sana. Wengi wetu tunaoimba besi na teno jioni za mazoezi ndio haohao tunaofundisha darasa la Kipaimara mwisho wa juma. Na yeyote aliyewahi kusimama mbele ya vijana wa kidato cha tatu na cha nne anajua kwamba kazi ile si ndogo. Mtoto wa Komunyo ya Kwanza ukimfundisha jambo, analikariri. Kijana wa miaka 17 anakutazama usoni kwanza, aone kama wewe mwenyewe unaliamini. Basi tukamchagua mtu aliyewafundisha vijana wa rika hilo, tena mahali ambapo somo lenyewe lingeweza kumgharimu mwalimu na mwanafunzi uhai wao.

Lwanga alizaliwa Buganda mnamo mwaka 1860, katika ukoo wa Ngabi, akalelewa Buddu. Alikuwa kijana wa miaka 19 hivi wamisionari Wakatoliki wa kwanza walipowasili. Februari 1879 Padre Simeoni Lourdel alivuka ziwa pamoja na Bruda Amans, akaomba ruhusa kwa Kabaka Mutesa. Waganda walimwita Mapera. Sisi tukisikia mapera tunafikiria matunda sokoni, kumbe wao walikuwa wakijaribu kutamka neno la Kifaransa la kumwita padre. Siku zile za mwanzo mazungumzo mengi yalifanyika kwa Kiswahili, maana ikulu ilikwisha kukizoea kutokana na wafanyabiashara wa pwani.

Lwanga wakati huo alikuwa mtumishi wa chifu mmoja aliyeitwa Mawulugungu, na ni akiwa kwake alipoanza kusikia mafundisho. Hakubatizwa. Wamisionari walikuwa na utaratibu mkali uliotoka kwa mwanzilishi wao, Kardinali Lavigerie: mtu ajifunze miaka minne ndipo abatizwe. Wazazi wetu wanaolalamika kwamba darasa la Kipaimara linachukua muda mrefu wasome mstari huo mara mbili.

Mwaka 1882 hali ya ikulu ikawa ya mashaka, mapadre wakaondoka kwenda kusini ya ziwa. Kwa karibu miaka 3 hapakuwa na Misa wala padre wa kuungamisha katika Buganda nzima. Walibaki walei: Yosefu Mukasa Balikuddembe, aliyekuwa na cheo kikubwa ndani ya nyumba ya Kabaka, Andrea Kaggwa, Matia Mulumba na wengine. Hawa ndio waliosali na watu, wakafundisha. Mapadre waliporudi Julai 1885 walikuta wanafunzi wameongezeka. Sisi wa jimbo hili, ambako safari ya kutoka Garissa hadi Mandera si ya mchana mmoja na ambako padre mmoja ana vituo vya mbali vinavyomngoja, habari hiyo hatuisomi kama hadithi ya kale.

Mutesa alifariki Oktoba 1884, akatawazwa mwanawe Mwanga. Hapa kuna jambo ambalo mara nyingi tunalisahau tunapoigiza habari hizi kila tarehe 3 Juni na kumpa mzee mwenye ndevu nafasi ya Kabaka. Mwanga mwenyewe alikuwa kijana wa miaka 16 hivi. Alipokuwa mwana wa mfalme aliwatembelea wamisionari na kupata mafundisho kidogo, na ni yeye aliyewaita warudi. Kisha akapata kiti, akapata hofu, akapata washauri waliomwambia kwamba wanaosali hawatamtii. Yule aliyeamuru vijana wachomwe moto alikuwa rika lao, na alikuwa amewahi kukaa mlangoni pa mwalimu yuleyule.

Wakati Mwanga alipotawala, Lwanga aliingia katika utumishi wa ikulu, akapewa usimamizi wa vijana wa ukumbi wa baraza. Alikuwa mtu mwenye nguvu, hodari wa mieleka, na vijana walimpenda. Juu yake alikuwa Mukasa Balikuddembe. Vijana hao walikuwa wana wa machifu na wa watu wa kawaida, wengi wao kati ya miaka 13 na 20 na kidogo, walioletwa ikulu kutumika na kujifunza uongozi. Walikuwa wanataniana, wanagombana, wanatafuta cheo, kama vijana wa bweni lolote la shule.

Lakini Mwanga aliwadai vijana hao jambo ambalo hakuna mkubwa mwenye haki ya kulidai, yaani miili yao. Tunaliandika wazi kwa sababu vijana wetu watakisoma kijitabu hiki, na kufichaficha hakumsaidii yeyote. Mukasa, na baada yake Lwanga, waliwafundisha kwamba kijana anaweza kumkatalia mkubwa hata kama mkubwa huyo ni mfalme. Tena hawakuishia kwenye maneno. Walipoona hatari inakaribia walitafuta kazi ya kumtuma kijana mbali, ili akiitwa asionekane. Mengi tunayoyaita mafundisho ya imani, kwao yalikuwa ni kumjua kila kijana yuko wapi usiku huu.

Oktoba 1885 Askofu Mwanglikana James Hannington aliuawa Busoga kwa amri ya Mwanga. Mukasa Balikuddembe alithubutu kumwambia Kabaka kwamba amekosea. Tarehe 15 Novemba akauawa, Mkatoliki wa kwanza kati ya wale 22. Siku hiyohiyo Lwanga na wenzake waliokuwa bado katekumeni walikwenda misheni wakaomba wasingojeshwe tena. Padre Giraud akambatiza Lwanga, naye akachukua nafasi ya Mukasa.

Tukumbuke hesabu hiyo. Mwalimu huyu mkuu wa vijana alikuwa amebatizwa kwa muda wa miezi 6 na nusu tu alipofariki. Alifundisha alichokuwa amejifunza jana. Kuna wenzetu katika kwaya hii wanaokataa kusaidia darasa la vijana wakisema hawajui vya kutosha. Hatutaki kuwalazimisha, ila tunawaonyesha tarehe.

Mei 25, 1886, Mwanga alikuwa Munyonyo kando ya ziwa. Alirudi kutoka kuwinda viboko bila kupata kitu, akakuta vijana wengi hawapo kazini. Akamwuliza Denis Ssebuggwawo, kijana wa miaka 16, alikuwa wapi na mwana wa Katikiro. Denis alikiri kwamba alikuwa akimfundisha dini. Kabaka akamchoma mkuki, kisha akamtoa auawe. Kijana kumfundisha kijana mwenzake: hilo ndilo lililowasha moto.

Usiku ule Lwanga aliwakusanya waliokuwa chini yake. Malango yalikuwa yamefungwa na padre hangeweza kuwafikia. Akawabatiza kwa mkono wake baadhi ya waliokuwa bado katekumeni, wakiwemo Gyavira, Mugagga, Mbaga Tuzinde na Kizito, aliyekuwa na miaka 14 hivi na ambaye alikuwa amewasumbua mapadre kwa muda mrefu akiomba ubatizo. Husimuliwa kwamba alimwahidi Kizito kuwa wakati ukifika watashikana mikono. Asubuhi Kabaka aliamuru wanaosali wasimame upande mmoja. Lwanga akatangulia. Wengine wakamfuata, Wakatoliki na Waanglikana pamoja.

Padre Lourdel alikuja mbio kuwaombea lakini hakusikilizwa. Aliwaona wakitolewa wamefungwa kamba kwa makundi, wakubwa kwao na wadogo kwao, wamebanwa kiasi cha kushindwa kutembea vizuri.

Katika safari ya kwenda Namugongo kuna tukio moja tunalolipenda kuliko yote, pengine kwa sababu tunaijua kwaya yetu. Gyavira na Mukasa Kiriwawanvu walikuwa wamepigana siku chache kabla, na Kiriwawanvu alikuwa kifungoni kwa ajili ya ugomvi huo. Ndiyo maana hakuwepo usiku wa ubatizo. Walipounganishwa njiani walipatana. Kiriwawanvu alikufa bila maji ya ubatizo kumgusa, na Kanisa linamheshimu kwa ubatizo wa damu. Wakati mwingine watakatifu huchorwa kana kwamba hawakuwahi kukasirika. Hawa wawili walirushiana ngumi mwezi uleule.

Huko Namugongo walikaa siku kadhaa katika minyororo na magogo wakingoja kuni zikusanywe, wakisali pamoja asubuhi na jioni. Mbaga Tuzinde alikuwa mtoto wa kulelewa wa mkuu wa wauaji, Mukajanga, ambaye alimsihi mara nyingi akane, au akubali tu kufichwa. Hakukubali. Tarehe 3 Juni 1886, siku ya Kupaa Bwana, Lwanga alitengwa na wenzake, akachomwa polepole kuanzia miguuni. Wengine wakachomwa pamoja. Wakatoliki waliokufa siku hiyo mahali hapo walikuwa 13 na Lwanga mwenyewe akiwemo, na Waanglikana walikuwa kando yao. Vijana watatu waliachiliwa moto ukiwa karibu kuwashwa, na ushahidi wao ndio uliotufikishia mengi tunayoyajua.

Namugongo ilikuwa na majivu mengine kabla ya hayo. Miaka 10 nyuma, 1876, Mutesa aliwaua huko vijana Waislamu wa ikulu yake, wanaokadiriwa kuwa 70, kwa kuwa walikataa kula nyama ambayo haikuchinjwa kwa sheria ya dini yao na hawakukubali kuongozwa katika swala na Kabaka asiyetahiriwa. Nao walikuwa vijana, na walimwambia mfalme hapana. Tunaona ni haki kulisema hili hapa Garissa, ambako majirani zetu, wanaotuuzia maziwa na wanaotupa pole tukifiwa, ni Waislamu.

Tunaandika haya katika mji unaojua. Kanisa kuu letu lilirushiwa guruneti Jumapili ya tarehe 1 Julai 2012. Alhamisi Kuu ya mwaka 2015, tarehe 2 Aprili, watu 148 waliuawa katika chuo kikuu hapa mjini, wengi wao wanafunzi, na baadhi walikuwa katika sala za alfajiri. Baada ya hapo kulikuwa na wazazi waliotuuliza kama ni busara kuwafundisha vijana jambo linaloweza kuwafanya wawe shabaha. Hatukuwa na jibu la haraka. Tuliendelea na darasa, milango ikilindwa, na tulijifunza kuandika jina la kila aliyekuja na kuhakikisha kila mmoja amefika nyumbani.

Hofu yetu ya leo ni nyingine, na ni ya aibu kidogo. Kipaimara kimekuwa kama mahafali. Askofu anawapaka krisma, tunapiga picha, na Jumapili ya pili nusu yao hatuwaoni. Ndiyo sababu habari za Mwanga hutusumbua kuliko za Kizito. Naye alifundishwa kidogo, kisha hakuna aliyembaki naye karibu. Aliishia uhamishoni Shelisheli, akabatizwa huko katika Kanisa la Kianglikana, akafariki 1903.

Lwanga na wenzake walitangazwa wenye heri 1920, na tarehe 18 Oktoba 1964 Papa Paulo wa Sita akawatangaza watakatifu. Mwaka 1934 Papa Pio wa Kumi na Moja alikuwa amemfanya Lwanga msimamizi wa vijana wa Afrika. Altare ya basilika ya Namugongo iko mahali alipochomwa. Waliokwenda huko kuhiji kutoka kwetu wanasema safari ni ndefu na umati ni mkubwa, na kwamba vijana huimba usiku kucha.

Katika Misa ya leo wimbo wa kutolea utaongozwa na vijana wa darasa la Kipaimara. Wamefanya mazoezi wenyewe, na sehemu ya pili wameibadilisha bila kutuuliza. Tafadhali waachieni viti vitatu vya mbele upande wa kinanda.