Luigi Galvani na Umeme wa Mwili

Luigi Galvani alizaliwa mwaka 1737 mjini Bologna, Italia. Alisomea utabibu, akahitimu mwaka 1759, kisha akafundisha elimu ya viungo vya mwili katika chuo kikuu cha mji huo huo. Katika uchunguzi wake alisaidiwa na mkewe, Lucia.

Alipotundika miguu ya vyura waliokufa kwa kulabu za shaba kwenye uzio wa chuma, aliona misuli ikishtuka. Mwaka 1791 alitangaza kuwa mwili wa mnyama una umeme wake wenyewe. Alessandro Volta wa Pavia alirudia majaribio hayo, akapinga: umeme watokana na metali mbili tofauti, na mguu wa chura ni kipimo tu. Mwaka 1794 Galvani alionyesha kuwa msuli hushtuka ukiguswa na neva tupu, bila metali yoyote. Volta naye akaendelea hata akatengeneza betri mwaka 1800. Galvani hakuiona. Mwaka 1798 alikataa kuapa utii kwa serikali iliyowekwa na Wafaransa, akapoteza kazi, akafariki Desemba mwaka huo.

Ni nani aliyekuwa sahihi? Kila mmoja kwa nusu yake. Leo twajua kuwa utando wa chembe hai hutenga ioni: potasiamu nyingi ndani, sodiamu nyingi nje. Katika neva iliyotulia, tofauti ya umeme kati ya pande mbili za utando ni takriban milivolti 70. Utando ukifungua vijia vyake, sodiamu huingia, na habari husafiri. Hodgkin na Huxley walieleza jambo hilo mwaka 1952, baada ya kupima neva nene ya ngisi, mnyama ambaye jamaa zake huuzwa katika soko la samaki la Kivukoni.

Mwalimu wa shule iliyo karibu na Kariakoo aweza kulifundisha somo hili bila maabara. Limau, msumari uliopakwa zinki, waya wa shaba na kipimo cha volti vyatosha kwa hoja ya Volta. Kwa hoja ya Galvani, mtoto na aguse kifundo cha mkono wake: kila pigo la moyo huanzishwa na umeme wa chembe zake.

Basi mwanafunzi akitoa jibu lililo nusu sahihi, mwalimu asilifute upesi. Amwulize kwanza ameona nini.