Tabibu wa Meno Aliyewakinga Wagonjwa

William Herbert Rollins alizaliwa mwaka 1852 katika jimbo la Massachusetts, nchi ya Marekani. Alisomea utabibu wa meno, kisha utabibu wa mwili wote, akafanya kazi yake katika mji wa Boston.

Mwaka 1895 Mdachi mmoja, mtaalamu Wilhelm Röntgen, alivumbua nuru isiyoonekana kwa macho, ipenyayo nyama na kuonyesha mifupa. Nuru hiyo ndiyo eksirei. Watu walistaajabu mno, na matabibu wakaitumia bila kadiri. Rollins naye alifurahi, na mwaka 1896 akabuni chombo cha kutazamia meno kwa nuru hiyo.

Lakini mwaka 1898 mkono wake mwenyewe uliungua vibaya. Aliyeumwa na nyoka huogopa hata ung'ongo. Rollins hakukimbia, bali alitafuta sababu. Wakati ule wengine walisema kwamba vidonda vile huletwa na umeme wa mashine, wala si nuru yenyewe. Basi akatwaa simbilisi, wanyama wadogo wafananao na sungura, akawatia katika sanduku ambalo umeme haukuweza kuingia, akawamulika kwa eksirei. Umeme haukuwagusa, walakini wakafa. Hivyo akajua ya kuwa nuru yenyewe yaweza kuua. Baadaye aliona kwamba hata mtoto aliye tumboni mwa mama yake aweza kudhurika, akawaonya matabibu wajihadhari na wanawake wajawazito.

Mwaka 1901 alitangaza habari hizo katika gazeti la matabibu wa Boston, akatoa mashauri matatu. La kwanza, tabibu avae miwani isiyopitisha eksirei. La pili, taa itoayo nuru ifungiwe katika sanduku lisilovuja. La tatu, mgonjwa amulikwe mahali panapotakiwa tu, na sehemu nyingine za mwili zifunikwe.

Wengi hawakumsikiliza. Miaka ikapita, na matabibu kadhaa wakakatwa vidole na mikono, wengine wakafa. Rollins hakuchoka kuandika. Mwaka 1904 alikusanya maandiko yake katika kitabu kimoja. Hatimaye, mwaka 1928, wataalamu wa mataifa mbalimbali walikutana Stockholm, wakaunda kamati ya kuwakinga watu na madhara ya eksirei. Mwaka uliofuata Rollins akafa.

Siku hizi taa ya eksirei hufungiwa katika kifuniko chenye madini ya risasi, na nuru hubanwa ipige mahali padogo tu. Picha moja ya jino hutumia nuru kidogo sana, na mgonjwa hana haja ya kuiogopa. Hata hivyo tabibu mwema hujiuliza kwanza kama picha yahitajiwa kweli, isipohitajiwa, haipigi. Dawa ikizidi kipimo hugeuka sumu, na nuru ni vivyo hivyo.