Maisha ya Bwana Clinton Davisson

Muhula huu katika maabara yetu hapa Tukuyu tulipima jinsi springi inavyorefuka ikitundikwa mizigo. Hesabu zangu zilikuwa mbali na za wenzangu. Niliona haya, nikazifuta, nikanakili za jirani. Baadaye nilisoma habari za Bwana Clinton Davisson, nikajuta. Basi nawasimulieni.

Bwana Davisson alizaliwa mwaka 1881 huko Bloomington, Marekani. Baba yake alikuwa fundi wa kupaka rangi, na mama yake mwalimu. Aliingia Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1902, lakini baada ya mwaka mmoja fedha zilimwishia, akaenda kufanya kazi katika kampuni ya simu. Hakukata tamaa. Alirudi masomoni, na mwaka 1911 akapata udaktari huko Princeton.

Baadaye, katika maabara ya simu mjini New York, alirusha elektroni juu ya kipande cha nikeli ndani ya chombo cha kioo kisicho na hewa, akapima zinavyotawanyika. Elektroni za mwendo mdogo haziingii ndani sana, kwa hiyo hutoa habari za uso wa kitu. Mwaka 1925 chupa ya hewa iliyogeuzwa maji ilipasuka. Kioo kikavunjika, na nikeli, iliyokuwa ya moto, ikashika kutu. Yeye na mwenzake, Lester Germer, waliichoma muda mrefu hata ikatakata. Walipopima tena, hesabu zilikuwa nyingine kabisa.

Hawakuzifuta. Walifungua chombo wakaona kwamba fuwele ndogo nyingi za nikeli zimekuwa chache kubwa. Mwaka 1927, kwa fuwele moja ya nikeli, walionyesha kwamba elektroni hutenda kama mawimbi, kama viduara vya matone ya mvua katika dimbwi, ambavyo vikikutana huongezana nguvu mahali pengine na kuuana pengine. Mwaka 1937 Davisson alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Mwingereza George Thomson. Alifariki mwaka 1958. Hata leo wataalamu huchunguza nyuso za vyuma kwa elektroni.

Nami nilikwenda kwa mwalimu nikakiri. Alinikemea, kisha akaniruhusu kupima tena. Hesabu zikatoka zilezile za kwanza. Tulipoitazama springi, kumbe ilikwisha kuvutwa kupita kiasi. Kosa halikuwa katika hesabu zangu, ila katika kuzifuta.