Kurihara, Mhunzi wa Panga za Kijapani

Askari wetu wa K.A.R. waliopelekwa Burma mwaka wa 1944 walikabiliana na jeshi ambalo maafisa wake walikwenda vitani na panga viunoni. Panga hizo zimetapakaa duniani, na kila anayepata mmoja huuliza ni nani aliyeufua. Jibu, likiwapo, limefichwa ndani ya mpini. Ukitoa kijiti cha mwanzi kinachoushika, utaona mkia wa chuma umechongwa herufi kwa tindo, mara nyingi upande mmoja jina la mhunzi na upande wa pili tarehe. Tarehe ni ya enzi ya mfalme. Sisi tuliozoea kugeuza Hijria kuwa Miladia hatuoni taabu: mwaka wa 17 wa Showa, ongeza 1925, wapata 1942.

Katika habari hizo jina moja hunivuta zaidi, nalo ni la Kurihara Hikosaburo.

Bwana huyu alizaliwa mwaka wa 1879 katika jimbo la Tochigi. Miaka mitatu kabla yake serikali ilikuwa imepiga marufuku watu kutembea na panga, na wahunzi wengi wakageukia visu na majembe. Ujanani alimfuata Tanaka Shozo, mtetezi wa wakulima walioharibiwa mito na mashamba kwa sumu ya mgodi wa shaba wa Ashio. Baadaye akawa mbunge. Lakini moyo wake ulikuwa kwenye tanuri, na mwaka wa 1933 alifungua chuo cha uhunzi mtaani Akasaka, Tokyo. Mwenyewe alichonga jina la Akihide.

Wanafunzi wake wengi walipewa jina lenye mwanzo huo huo wa Aki. Hapo ndipo anayeanza kusoma herufi hizi hupotea. Herufi ya Aki, yenye alama ya jua kushotoni, ndiyo pia herufi ya kwanza ya Showa. Tena ilipigwa kama muhuri mdogo juu ya panga nyingi za vita ambazo hazikufuliwa kwa njia ya asili. Kwa hiyo herufi moja yaweza kuwa jina, tarehe au alama ya ukaguzi. Ni lazima usome mstari mzima. Na jina lenyewe laweza kuwa la uwongo, kama vitara vya Kiajemi vilivyochongwa Asadullah wa Isfahan na watu ambao hawakumwona. Ila usisugue kutu ya mkia huo! Rangi yake ni shahidi wa umri.

Mimi simsifu Kurihara kwa kila jambo, maana ufundi aliouhuisha ulilishwa vita. Vita vilipokwisha mwaka wa 1945, Wamarekani walikusanya panga na kuziharibu kwa wingi, na kuzifua kukakatazwa. Mzee hakukata tamaa. Baada ya mkataba wa amani wa San Francisco wa 1951 aliomba ruhusa, akawaita wahunzi wafue panga za ukumbusho wa amani hiyo. Alifariki mwaka wa 1954.

Mwanafunzi wake Miyairi Akihira alitangazwa hazina hai ya taifa mwaka wa 1963. Amata Akitsugu, aliyeingia chuoni akiwa kijana yatima mwaka wa 1940, alipata heshima hiyo mwaka wa 1997.