Arthur Holmes, aliyehesabu umri wa mawe

Sisi tunaokaa kando ya ziwa hapa Uvira tunaona milima ya Mitumba imesimama juu yetu, na tunadhani ilikuwa vile tangu mwanzo. Kumbe mawe nayo yana safari: yanashuka chini sana, tena yanapanda. Mmoja wa watu waliofungua njia ya kuijua safari hiyo ni Arthur Holmes, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1890.

Hakuwa mtoto wa matajiri. Alisoma London kwa pesa kidogo, madeni yakamkamata. Basi mwaka 1911 akaenda Msumbiji kutafutia kompani madini. Alizunguka porini miezi mingi, madini ya maana hakuyaona. Alichopata ni malaria, kali hata habari ikatumwa kwao kwamba amekufa. Wachimbaji wetu wanaijua njia ile: unatoka na sururu, unarudi na homa.

Mwaka ule ule kazi yake ya kwanza kubwa ilitoka. Uraniamu ndani ya jiwe inageuka risasi polepole, kwa mwendo usiobadilika. Ukipima risasi iliyopo na uraniamu iliyobaki, unajua umri wa jiwe. Jiwe moja la Norwe lilimpa miaka milioni 370, wakati wakubwa wengi wa elimu walisema dunia nzima haizidi milioni 100.

Mwaka 1920 akaenda Burma kutumikia kompani ya mafuta. Kompani ikafilisika, na mtoto wake wa miaka mitatu akafa kule kwa kuhara damu. Akarudi mikono mitupu. Mwaka 1924 njo akapata kazi ya kufundisha pale Durham.

Hapo akatoa wazo lake kubwa, lililochapishwa mwaka 1931. Tazameni chungu cha maharagwe motoni: yanapanda katikati, yanashuka pembeni. Holmes akasema chini ya nchi mawe ya moto yanazunguka vile vile, polepole sana, na yanabeba mabara. Pale yanaposhuka, yanavuta ganda la dunia pamoja nayo. Jiwe jeusi la volkeno likishuka linabanwa, linageuka jiwe lingine, ekilojiti, la kijani lenye punje nyekundu. Ni kama tofali: udongo ni ule ule, lakini ukitoka tanuruni si kitu kile tena. Meta moja ya ujazo ya jiwe jeusi ni kama tani 3. Ya ekilojiti inafika karibu tani 3.5. Uzito ule unazidi kulivuta chini.

Wengi hawakumwamini, miaka zaidi ya thelathini. Yeye akaendelea. Alichunguza mawe ya volkeno ya Bufumbira, Uganda, jirani na Virunga yetu. Mwaka 1951 akaupa jina mkanda wa milima ya kale wa Msumbiji, ile nchi iliyotaka kumuua. Pamoja na Lucien Cahen wa Tervuren akakusanya umri wa mawe ya Afrika, na uraniamu ya Shinkolobwe ilikuwa kati ya yaliyopimwa. Alikufa mwaka 1965, wakati elimu ya mabara yanayotembea ilianza kukubaliwa.

Ushahidi wa kwetu ulikuja nyuma. Mwaka 1995 wataalamu walitangaza ekilojiti za Tanzania zenye umri wa karibu miaka miliari 2. Baadaye wakapima nyingine katika mkanda wa Ubende, ng'ambo ya ziwa letu. Jiwe la namna ile linatengenezwa chini ya kilometa 40 na zaidi. Maana yake, hata zamani ile ganda la dunia lilizama. Na bara, sababu ni jepesi, likivutwa chini linaweza kurudi juu, likibeba mawe yale mgongoni. Mawe ya kale ya upande wetu, yaliyoitwa kwa jina la mto Ruzizi, wanajiolojia wengi waliyafananisha na ya Ubende.

Kwa hiyo mchimbaji anayepiga mwamba milimani hapa anapiga mizizi ya milima iliyokwisha kulika kitambo. Holmes hakutajirika kwa jiwe hata moja, lakini njia yake ya kupima ndiyo inatumika mpaka leo.