Mary Leakey na Ufuo wa Ziwa la Kale

Mary Douglas Nicol alizaliwa London tarehe 6 Februari 1913. Babaye alikuwa mchoraji, na familia ilipokaa Ufaransa binti huyu alitembezwa katika mapango yenye michoro ya kale. Shule hazikumweza: alifukuzwa zaidi ya mara moja, wala hakupata kuhitimu chuo kikuu. Mlango wa akiolojia aliufungua kwa kalamu, akiwachorea wataalamu zana za mawe. Kazi hiyo ndiyo iliyomkutanisha na Louis Leakey, mzaliwa wa Kabete, wakaoana mwaka 1936.

Mwaka 1937 alianza kuchimba Hyrax Hill, karibu na mji wa Nakuru. Zama za kale, mvua zilipokuwa nyingi, maji ya Ziwa Nakuru yalifika hadi chini ya kilima hicho. Mary alifukua hapo makaburi, mabakuli ya mawe na mashimo ya makazi ya wafugaji. Aidha, juu ya miamba mmechongwa safu za vishimo vya bao, mchezo ambao Mswahili hahitaji kuelezwa. Mwaka 1938, yeye na mumewe walichimba Pango la Mto Njoro, ambamo wafu walikuwa wamechomwa na kuachwa pamoja na shanga zao.

Je, mambo hayo yangebaki siri ya wataalamu? Kusini zaidi, huko Olorgesailie, mashoka ya mawe yaliachwa yalipolala kando ya ziwa lililokauka, na mwaka 1947 mahali hapo pakafunguliwa ili umma utazame kutoka kwenye ujia wa mbao. Hyrax Hill nayo ilipata makumbusho mwaka 1965. Hata nyayo za Laetoli, Tanzania, alizozichunguza tangu 1978, zilifukiwa tena baadaye zisiharibike. Wengi huzijua kwa nakala na michoro tu.

Mary alifariki Nairobi tarehe 9 Desemba 1996. Katika miaka ya 2010 Ziwa Nakuru lilifura, likafunika lango kuu la mbuga. Aliyekwisha kupanda Hyrax Hill hakushangaa mno: alikuwa amesimama kwenye ufuo wa kale, akayaona maji hayo kwa jicho la fikra kabla hayajarudi.